Kabla ya kuhamia Nyeri kwa ajili ya kazi, hesabu isikomee kwenye mshahara

MHASIBU aliyezaliwa na kulelewa Mombasa apatapo barua ya kuitwa kazini Nyeri, jicho lake hutua kwanza kwenye tarakimu za mshahara. Zikiwa kubwa kuliko anazolipwa sasa, moyo huanza safari kabla ya miguu. Maswali mengine humjia usiku: baridi ya huko ikoje, nyumba hupatikana mtaa gani, mke na watoto wafuate au wabaki, na itakuwaje kazi hiyo ikimponyoka kabla ya mwaka kuisha?

Uamuzi wa aina hii huwakabili walimu, wauguzi, makarani wa benki na mafundi kila mwaka. Wengi huukata kwa siku mbili tatu wakihofia kwamba nafasi itachukuliwa na mwingine, na haraka hiyo ndiyo huzaa majuto. Mshahara ulioandikwa kwenye barua ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu nyingine ni kiasi kitakachosalia mfukoni, masharti ya mkataba, na uwezekano wa kurudi nyumbani mambo yakienda mrama.

Miji isiyofanana

Mgeni huelekea kuichukulia miji iliyouzunguka Mlima Kenya kana kwamba ni mji mmoja. Sivyo. Mji wa Nyeri, ulio takriban kilomita 150 kaskazini mwa Nairobi, baina ya mlima huo na safu ya Nyandarua, ulianza kama kituo cha utawala wa Waingereza mwaka 1902. Baadaye ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Kwa hivyo ajira zake nyingi hutokana na ofisi za serikali, hospitali, shule, benki na vyama vya ushirika. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko nje kidogo ya mji, na viwanda vya majani chai kama vile Chinga, Gitugi, Gathuthi na Iria-ini vimetapakaa mashambani.

Karatina, ambao ni mwendo mfupi kutoka hapo, huishi kwa soko lake. Nanyuki, katika Kaunti ya Laikipia karibu na mstari wa ikweta, hutegemea utalii, kambi za kijeshi na mashamba ya maua na mboga. Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, Meru ni mji wa biashara, nao wakazi wa Kutus hutazamia mpunga wa Mwea.

Tofauti hizo zina uzito kwa anayetaka kuhama. Janga la korona lilipoingia nchini mwaka 2020, hoteli zilifunga milango na miji inayotegemea watalii ikaumia kwanza. Kwa hivyo, pamoja na kuuliza mwajiri atamlipa nini, mhasibu wetu hana budi kuuliza ni waajiri wangapi wengine mjini humo wanaohitaji ujuzi kama wake. Katika Nairobi au Mombasa orodha hiyo huwa ndefu. Katika mji mdogo huenda ikawa na majina mawili, na mtu akikosana na mmoja amebakiwa na mmoja.

Kinachosalia mfukoni

Tuseme mhasibu huyo hulipwa Sh35,000 kwa mwezi huko Mombasa, na huishi katika nyumba ya wazazi wake bila kulipa kodi. Nyeri ameahidiwa Sh50,000. Machoni pake hiyo ni nyongeza ya Sh15,000.

Kwa viwango vya mwaka 2025, mshahara wa Sh50,000 hukatwa Sh3,000 za NSSF, Sh1,375 za bima ya afya ya SHIF na Sh750 za mpango wa nyumba za bei nafuu. Kisha hufuata ushuru wa mapato wa takriban Sh5,850. Kinachobaki ni kama Sh39,000. Ule mshahara wa Sh35,000 nao, baada ya makato ya aina hiyohiyo, humwachia kama Sh29,500. Nyongeza ya Sh15,000 imekwisha kuwa Sh9,500 hata kabla hajapanda gari.

Akikodi nyumba ya Sh8,000, nyongeza hiyo inabaki Sh1,500. Hajanunua godoro, mtungi wa gesi wala blanketi nzito, na hajalipa amana ya mwezi mmoja ambayo wenye nyumba wengi hudai pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Nauli ya kwenda kuwaona wazazi, safari ya zaidi ya kilomita 600 kila upande, itameza salio lote na kudai jingine.

Hesabu hii haimkatazi kwenda. Inamwonyesha tu kwamba anayetoka nyumba ya kulipia na kuingia nyumba ya kulipia hayuko sawa na aliyekuwa akiishi bure, na kwamba mwenye familia atakayeendesha jiko mbili yuko katika hali ngumu zaidi. Kila mtu apige yake kwa kalamu na karatasi, akianza na kinachobaki baada ya makato.

Kwa watumishi wa umma kuna jambo jingine. Marupurupu yao ya nyumba yamekuwa yakipangwa kulingana na mahali pa kazi. Nairobi huwa na kiwango cha juu kabisa, nayo Nyeri imewekwa katika kundi la pili pamoja na miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Anayetoka Nairobi kwenda Nyeri kwa cheo kilekile atapungukiwa, na atakayepelekwa shule au zahanati ya kijijini atapungukiwa zaidi, ingawa kodi ya huko huenda ikawa nafuu.

Barua yasemaje?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri aeleze kwa maandishi mambo ya msingi ya kazi, yakiwemo mshahara, saa za kazi, likizo na mahali pa kufanyia kazi. Kipengele hicho cha mwisho husomwa kwa haraka mno. Barua ikisema kwamba mwajiriwa aweza kupelekwa tawi lolote, basi anayejiandaa kwa Nyeri ajue kwamba huenda akajikuta Maua au Isiolo kabla ya kuwazoea majirani.

Sheria hiyohiyo humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au fedha za nyumba. Kwa sababu hiyo ni haki kuuliza iwapo Sh50,000 zilizotajwa zimejumuisha fedha hizo au la. Gharama za kusafirisha mizigo na za kulala hotelini siku za mwanzo pia zaweza kujadiliwa, lakini ahadi ya mdomo ni vigumu kuidai baadaye. Yote yaandikwe.

Jambo linalowaumiza wengi ni kipindi cha majaribio. Kisheria hakifai kuzidi miezi 6, japo chaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi mingine 6 mfanyakazi akiridhia. Katika kipindi hicho mkataba waweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7. Baba aliyeuza viti, akawatoa watoto shuleni na kuihamishia familia nzima Nyeri mwezi wa kwanza wa kazi, ameyaweka maisha yao yote juu ya siku hizo 7.

Njia ya kurudi

Swali la kurudi hutegemea aina ya mwajiri. Mwalimu wa shule ya umma huajiriwa na TSC, ambayo ni mwajiri mmoja nchi nzima, hivyo aweza kuomba uhamisho bila kuacha kazi. Hata hivyo, kuomba si kupewa. Kuanzia mwaka 2018 tume hiyo iliwahamisha walimu wakuu wengi hadi nje ya kaunti zao, na malalamiko kuhusu familia zilizotengana yakafika Bunge la Taifa, ambalo mwaka 2022 lilitaka sera hiyo ikomeshwe. Walimu wengi waliruhusiwa kurudi karibu na kwao baadaye, lakini miaka waliyokaa mbali na watoto wao haikurudi.

Muuguzi yuko katika hali nyingine. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, muuguzi wa hospitali ya umma ya kaunti ni mwajiriwa wa kaunti hiyo. Nyeri na Kilifi ni waajiri wawili tofauti. Akitaka kuhama na kazi yake, sharti kaunti zote mbili ziridhie na nafasi iwepo kule anakokwenda. Anayeikubali kazi ya kaunti ya mbali akijiambia kwamba ataomba uhamisho baada ya mwaka mmoja, apige hesabu yake kana kwamba uhamisho huo hautapatikana.

Kwa kampuni ya kibinafsi, njia ya kurudi ni mwajiri wa zamani au akiba ya benki. Aliye na kazi ya kudumu afadhali aulize kwanza kama aweza kupewa likizo bila malipo badala ya kujiuzulu. Akinyimwa, asiondoke bila akiba ya kodi na chakula cha miezi 3.

Baridi, lugha na ujirani

Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na zile fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba, lakini miezi inayomtesa mtu wa pwani ni Juni na Julai, ukungu unapotanda na jua kutoonekana kwa siku kadhaa. Mwenye mtoto anayeugua pumu amwone daktari kabla ya kukata shauri.

Kiswahili na Kiingereza hutosha ofisini. Sokoni na kwenye matatu Kikuyu hutawala, kama vile Kimeru kinavyotawala Meru na Kiembu kule Embu. Mgeni atahudumiwa kwa Kiswahili bila tatizo. Upweke humpata baada ya saa za kazi, mazungumzo yanaporejea lugha ya mama naye akabaki kutabasamu. Anayejifunza salamu na hesabu ya pesa katika lugha ya wenyeji hupunguza upweke huo mapema.

Lipo pia swali ambalo wengi hawalitamki kwa sauti: je, asiye wa jamii ya hapa atakuwa salama, hasa wakati wa uchaguzi? Swali hilo lina chanzo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu, na baadhi ya waliofukuzwa Bonde la Ufa walikimbilia Nyeri.

Tangu hapo sheria zimebadilika. Kifungu cha 39 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 huzuia jamii moja kuchukua zaidi ya thuluthi moja ya nafasi katika taasisi ya umma. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 hutaka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia ziwaendee watu wasio wa jamii kubwa katika kaunti husika. Sheria humfungulia mgeni mlango wa ofisi. Hali ya mtaani ataambiwa na watu wa kwao ambao wamekwisha kulowea huko na wameshuhudia chaguzi mbili tatu.

Safari ya kujionea

Aisifuye mvua imemnyea. Kabla ya kutia sahihi, ni busara kutumia siku tatu mjini humo, ikiwezekana siku za kazi. Siku ya kwanza mtu atembee kutoka mitaa ya makazi kama vile Ruring'u, King'ong'o, Kamakwa na Skuta hadi mahali pa kazi wakati wa asubuhi, aone muda na nauli. Siku ya pili aulize bei za nyumba, akidadisi kuhusu maji na umeme. Siku ya tatu azungumze na wafanyakazi wa mwajiri huyo, na hasa aulize aliyeshikilia nafasi hiyo kabla yake aliondoka kwa nini.

Akiridhika, atangulie peke yake na akodi chumba kidogo hadi majaribio yaishe. Familia ifuate baadaye, mwanzoni mwa mwaka wa shule, na mtoto aliye katika gredi ya 6 au ya 9 aachwe amalize mitihani yake kwanza.

Ikiwa baada ya hesabu hiyo yote kazi ya Nyeri inampa cheo, pensheni au ujuzi ambao Mombasa haungempa, basi Sh1,500 za nyongeza si sababu ya kukataa. Ikiwa haimpi lolote ila tarakimu kubwa kwenye barua, ana haki ya kujibu kwa heshima kwamba hataweza. Na akihitaji wiki moja zaidi ya kufikiri, amwandikie mwajiri aombe, kabla tarehe ya mwisho haijapita.