Jasho la Usiku Ambalo si Malaria

Usiku wa Sotik una baridi. Mwanamke wa miaka 44 katika nyanda hizi za majani chai akiamka ameloa jasho, hushuku malaria kwanza, na kwenda kupimwa ni sawa kabisa. Lakini vipimo vikionyesha kila mara kwamba hana, inafaa aulizwe kuhusu hedhi yake.

Kwa wengi, safari ya kuelekea kukoma hedhi huanza wakiwa na miaka 40 na kitu. Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio, hivyo siku za mwezi hukaribiana, huruka au huja na damu nyingi. Joto hulipuka ghafla kifuani na usoni, usiku likaleta jasho hilo, usingizi hukatika, hasira huja bila sababu. Mume na watoto nao waelezwe mabadiliko haya. Hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana!

Kuandika tarehe za hedhi kwenye kalenda humsaidia sana daktari. Chai kali ya jioni huchochea joto hilo kwa baadhi ya wanawake, kwa hiyo ipunguzwe hata huku inakochumwa. Mursik (maziwa yaliyochachushwa) na ugali wa wimbi vina kalsiamu, madini yanayohitajika zaidi kwa mifupa estrojeni inapopungua.

Damu ikizidi kiasi cha kuleta kizunguzungu, ikitoka baada ya tendo la ndoa au ikirudi baada ya hedhi kukoma, mwanamke aende hospitali bila kusubiri.