Goma: Gia moja ya plastiki isilaze mashini nzima

Fundi yeyote wa Goma anaijua shida hii. Mashini ya mamia ya dola imelala kwa sababu gia moja ndogo ya plastiki imekatika meno. Birere haipatikani, soko la Virunga pia hakuna. Inabaki kuagiza Kampala, Nairobi ao Dubai, na kungoja. Uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025, kungoja huko kulizidi.

Hapo ndipo imprimante 3D inapata maana ya biashara. Inayeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka juu ya tabaka, ikifuata mchoro wa kompyuta. Bei yake ilishuka sana kisha 2009, wakati hati ya uvumbuzi ya kampuni ya Kimarekani Stratasys ilipofika mwisho.

Wenzetu wa Nairobi walianza zamani. Roy Ombatti, aliyesomea uinjinia Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaza kwanza kuchapa viatu vya watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza. Kisha akaanzisha AB3D, inayotengeneza imprimante zenyewe Kenya, hata kwa vipande vya vyombo vya elektroniki vilivyotupwa. Nguvu yake ni kwamba mashini ikiharibika, fundi yuko jirani.

Uganda, hospitali ya CoRSU ya Kisubi ilijaribu njia hiyo kwa miguu ya bandia: kigutu kinapimwa kwa skana, si kwa plasta. Kwa mji wetu, ambako kituo cha Shirika la Umoja kinahudumia waliokatwa viungo kwa sababu ya vita, habari hiyo si ya mbali.

Lakini mwenye kutaka kuanza asidanganyike. Kuchapa ndoo ao sahani ni kupoteza pesa. Bei ya China hautaifikia. Kipande kimoja kinaweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika bila betri, mara nyingi unaanza upya. Plastiki ya PLA inalegea kwenye digrii 60 hivi, kwa hiyo usiiweke karibu na motere.

Pesa iko kwenye kile ambacho dukani hakipo: gia ya cherehani, kitufe cha redio ya zamani, kifuniko cha chombo cha maabara. Mteja halipii gramu 20 za plastiki, analipia siku ambazo mashini yake haitalala. Na ukishachora kipande mara moja, mchoro unabaki kwenye kompyuta. Mteja wa pili unamchapia bila kupima tena, na bidhaa hiyo haiombi depo wala haipiti mpakani.