Walioteswa: sababu gani hawaponi upesi?

Mapadri wenzetu wanatuuliza mara nyingi: mtu aliteswa katika kasho miaka 10 au 20 iliyopita, vidonda vyake vimekauka, ana mke na kazi, sababu gani angali anapiga kelele usiku? Majirani wanasema amerogwa. Wengine, watu wa sala, wanasema imani yake ni ndogo. Sisi tunaona kama majibu haya mawili si ya kweli, na la pili linaumiza zaidi, kwani mara nyingi linatoka kinywani mwetu.

Tuchukue mfano wa Chile, inchi ya Amerika ya Kusini, kwa kuwa kule mambo haya yalichunguzwa kwa bidii, na Eklezya ilikuwamo. Tarehe 11 septemba 1973 Jenerali Augusto Pinochet alinyakua utawala, akaushika mpaka mwaka 1990. Katika Villa Grimaldi, mjini Santiago, polisi ya siri iliwafunga watu vitambaa machoni, ikawalaza juu ya kitanda cha chuma na kupitisha umeme mwilini mwao. Haikutafuta habari tu. Ilitaka kumvunja mtu, ili yeye na jirani zake waogope siku zote.

Jambo la kawaida, hata la huzuni, linageuka kuwa habari ya zamani: tunalisimulia, lina mwanzo na mwisho. Mateso hayakai vile. Yanabaki vipande vipande: harufu, sauti ya viatu, mlio wa ufunguo. Mwili umejifunza kungoja hatari, na haujui bado kama hatari imekwisha. Mlango ukibamizwa, moyo unakwenda mbio mbele ya akili kufikiri. Kwa hiyo mtu anakimbia mikutano, anakasirikia watoto bure, anakunywa pombe ili apate usingizi. Na watoto wanajifunza kutouliza.

Tena kuna haya. Mwaka 2003 serkali ya Chile iliweka komisyo, Askofu Sergio Valech akiwa mkubwa wake. Mwaka 2004 ilitambua watu zaidi ya 27 000 waliofungwa na kuteswa juu ya siasa. Wengi walikuwa wamenyamaza miaka 30, hata nyumbani mwao.

Mzigo mzito kuliko yote ni wa yule aliyetaja majina ya wenzake. Anajihesabu kuwa Yuda. Tulifundishwa katika seminari kuu, wala tusisahau, kama nguvu na woga wa namna hiyo vinaondoa uhuru, na pasipo uhuru mtu hahesabiwi kosa. Padri anayefanya haraka kumwambia «Mungu amekusamehe» anakubali kwanza kama yule alikosa. Afadhali amwambie: «Walikulazimisha. Kosa ni lao.»

Kardinali Raúl Silva Henríquez alifungua mwaka 1976 Vicaría de la Solidaridad, ofisi ya jimbo lake iliyowasaidia walioteswa na jamaa zao. Wataalamu wawili wa saikolojia wa inchi ile, Elizabeth Lira na Eugenia Weinstein, walieleza mwaka 1983 (kwa majina ya kujificha, maana hatari ilikuwapo) namna moja ya kusaidia. Aliyeteswa anasimulia, maneno yake yanashikwa katika mashine ya sauti, yanaandikwa, kiisha anayasoma na kuyasahihisha. Karatasi ile ni yake. Vipande vinakuwa habari yenye tarehe. Haiponyi wote. Wala mtu asisukumwe kusema: kulazimishwa kusema ndiko kulikomvunja.

Na kiti chetu cha maungamo? Mahali penye giza, sauti isiyo na uso nyuma ya wavu, inauliza maswali. Kwa mtu aliyefungwa kitambaa machoni, tunaweza kufahamu sababu gani haji. Tumwachie achague mahali: nje chini ya mti, ao ndani mlango ukiwa wazi, akiona uso wetu. Akisema leo hapana, turudi juma lijalo.