Acha Ua Likauke: Bustani na Ndoa Katika Joto la Mtwara

Kama wewe au mwenzi wako mmewahi kupata barua ya uhamisho, mnajua kwamba kinachohama siyo makochi na friji tu. Mume wangu alipohamishiwa Mtwara, niliacha kazi yangu Dar es Salaam nikamfuata. Tulipanga nyumba Shangani, karibu na bahari. Yeye alitoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Mimi nilibaki na uwanja mpana wa mchanga, majani ya kapeti na waridi tulizozikuta pale, vyote vikidai maji asubuhi na jioni.

Kiangazi cha kwanza tuligombana sana. Bomba likikauka tunanunua madumu, na siku moja mume wangu akapiga hesabu mezani, akasema, "Mke wangu, haya maua yanakunywa kuliko sisi." Nikamjibu kwamba angalau maua yanashinda nyumbani. Tukanyamaza wote wawili. Maji hayakuwa ugomvi wenyewe.

Ijue ardhi kwanza

Huku Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza kati ya Novemba na Desemba, huisha Aprili au Mei, na kwa mwaka hufika kama milimita 1,000. Kinachofuata ni karibu nusu mwaka wa jua kali, mchanga usioshika maji na upepo wenye chumvi.

Mji wenyewe ni ushahidi. Mtwara ilikuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ikajengewa bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umefutwa, na miongoni mwa sababu ni kwamba ardhi na mvua za maeneo yale hazikuchunguzwa vya kutosha kabla ya matrekta kuingia.

Jirani yetu, bibi mwenyeji wa Mikindani, hana hata mpira wa kumwagilia, lakini uwanja wake una rangi karibu mwaka mzima. Nilipomuuliza siri yake akacheka. "Mwanangu, mimi sipandi. Naacha ua likauke, lipukutike. Mvua ikija, linajua lenyewe la kufanya."

Maua matatu ya kuanzia

Vinka. Asili yake ni Madagaska, ng'ambo ya bahari hii hii tunayoogelea. Lina petali tano, nyeupe au za waridi, na linapenda mchanga kwa sababu mizizi yake huoza haraka ikituama majini. Vifuko vyake vikikauka hupasuka na kumwaga mbegu. Mbegu hizo hupenda giza, kwa hiyo zifunike kidogo. Mbuzi wa mtaani huyapita, maana mmea huu ni sumu, watoto wasiyatafune. Humo humo ndimo ilimopatikana vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu kwa watoto. Lakini hiyo ni kazi ya hospitali, siyo ya sufuria yako.

Potulaka. Hili limetoka Amerika ya Kusini. Linatambaa, majani yake ni manono na hutunza maji ndani. Hufunguka jua likiwaka, jioni hujifunga. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinataka mwanga, hivyo usizifukie.

Zinia. La Meksiko, refu, linalofaa kukatwa na kuwekwa mezani. Ukilipanda mvua zinapoanza, huchanua baada ya wiki 8 hadi 10. Mwagia shina, siyo majani, yasije yakaota ukungu. Epuka mbegu chotara za pakiti: watoto wake mara nyingi hawafanani na mama.

Vita vya fagio

Sasa tuseme ukweli. Adui mkubwa wa maua haya siyo jua, ni fagio. Sisi tumelelewa kuamini kwamba uwanja usiofagiliwa alfajiri ni aibu ya mke. Lakini ukifagia kila kitu, mbegu zote zinaishia jaani.

Mama mkwe alipokuja kututembelea mwezi wa kumi, vinka na zinia zilikuwa vijiti vikavu tu. Akauliza kwa upole, ule upole mnaoujua, kama Mtwara fagio haziuzwi. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akasema, "Mama, hapo pameshapandwa. Mimi ndiye niliyeomba paachwe." Hakuwa ameniomba lolote. Lakini tangu siku ile jioni zetu zilibadilika: akirudi kazini, anavua viatu, tunazunguka wote uwanjani kuangalia kilichoota.

Fanyeni hivi, wawili

Kabla ya Novemba, chagueni kipande kimoja na kukizungushia mawe au vifuu vya nazi. Ndani ya mawe, fagio haiingii. Nje, fagieni mnavyotaka. Changanyeni samadi iliyooza vizuri, ndoo moja inatosha kwa kuanzia. Miche ikishaota kwa mvua, punguzeni iliyobanana na kumgawia jirani. Msimu ukielekea mwisho, acheni maua ya mwisho yakauke kwenye shina.

Angalizo moja. Mkienda kupunga upepo Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, msimwage mbegu za bustani wala kung'oa mimea inayotambaa ufukweni. Mimea ile ndiyo inayoshika mchanga, na vinka ni mwepesi wa kuteka sehemu isiyo yake.

Mbegu msinunue. Mwombeni mwenye ua kifuko kikavu, kiwekeni kwenye bahasha ya karatasi, andikeni tarehe. Barua nyingine ya uhamisho ikija, bahasha hiyo haihitaji lori.