Mtoto Mpole Mno: Usingizi Upi wa Kushukuru, na Upi wa Kumuamsha?

Mtoto wangu wa kwanza hakulala. Wa pili alilala mno. Yule wa kwanza alituhangaisha miezi minne mizima, kila jamaa aliyepiga simu kutoka Unguja, Dubai au London alikuwa na dawa yake, na kumbe mtoto mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Huyu wa pili alisifiwa na kila mgeni aliyekuja kumtazama. "Mashaallah, mpole huyu, hata sauti yake hatuisikii!" Na huyo mpole ndiye tuliyemkimbiza hospitali usiku wa nne.

Nayakumbuka haya kila mara, kwa sababu katika kundi letu la WhatsApp la ukoo hapiti mwezi bila ya mzazi mpya kuuliza suala lile lile. Mwanangu analala sana, hivi ni kawaida? Au kinyume chake: halali kabisa, jamani, tumpe nini? Siku hizi zimezidi na zile programu za simu. Mama anabonyeza mtoto alipolala, anabonyeza alipoamka, halafu saa tisa za usiku simu inamwambia kuwa mwanawe amezidisha saa mbili au amepungukiwa na saa moja na nusu. Zamani alikuwa na mtoto tu. Sasa ana mtoto na mahesabu.

Mahesabu yenyewe si siri. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2019, limetaja saa 14 mpaka 17 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, kwa mtoto wa hadi miezi mitatu. Kuanzia miezi minne mpaka 11 ni saa 12 mpaka 16. Lakini madaktari wa usingizi wa Marekani walipokaa mwaka 2016 kupanga saa za watoto, hawakuweka idadi yoyote kwa walio chini ya miezi minne, kwa sababu watoto wa umri huo wanatofautiana mno. Mmoja atalala kidogo kuliko jadweli linavyosema, mwengine atazidisha, na wote wawili wazima. Kwa hivyo mtu akikuletea jadweli lipokee kwa heshima, halafu mtazame mtoto.

Mtoto mchanga hajui mchana wala usiku. Saa ya mwili wake huanza kujipanga baina ya mwezi wa pili na wa tatu, na kinachoipanga zaidi ni mwanga. Hapo ndipo nyumba zetu za Ghuba zinapompoteza. Mapazia yamefungwa tangu asubuhi kwa ajili ya jua, AC inanguruma, halafu taa zote zinawaka mpaka saa saba za usiku, khasa wakiwepo wageni. Ramadhani ndiyo usiseme, nyumba nzima macho mpaka daku. Halafu tunashangaa mtoto kageuza usiku kuwa mchana! Fungua pazia asubuhi, aone mwanga na asikie kelele za nyumba. Usiku mnyonyeshe kwenye taa hafifu, umbadilishe nepi bila ya mazungumzo, na usimpigie bibi yake video saa nane za usiku ati kwa kuwa huko aliko yeye bado jioni.

Jengine ni kuwa karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni ule mwepesi wa ndoto. Anajinyonganyonga, anaguna, anakunja uso, anatabasamu, na watu wazima wetu husema malaika wanamchezesha. Mama mgeni wa uzazi hudhani mtoto kaamka, akamnyanyua, na hapo ndipo anapoamka kweli. Msubiri kidogo kabla ya kumgusa. Hata pumzi zake zinatisha: huvuta haraka haraka, husita sekunde tano mpaka kumi, kisha huendelea kama hapakuwa na kitu. Mimi kwa yule wa kwanza nilikuwa nikimwekea kidole chini ya pua usiku kucha. Hiyo ya kusita kidogo ni kawaida. Akisita sekunde 20, au midomo ikageuka rangi ya buluu, hapo si pa kusubiri.

Na huyo asiyelala usiku? Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill cha Canada waliandika mwaka 2018 kuwa katika watoto waliowafuatilia, asilimia 38 walipofika miezi sita walikuwa bado hawawezi kulala saa sita mfululizo, na walipotimiza mwaka bado walibaki asilimia 28. Hawakuona kuwa watoto hao wamebaki nyuma kwa akili wala kwa viungo. Kwa maneno mengine, yule mtoto wa jirani "anayelala mpaka asubuhi tangu arubaini" yupo, lakini si kipimo cha watoto wote.

Basi ya nini kumtilia yansuni kwenye chupa? Ninajua nitawakera baadhi ya mama zetu, lakini mtoto wa chini ya miezi sita tumbo lake ni dogo na maziwa yanamtosha. Ukilijaza maji ya yansuni atalala, ndiyo, ila amelala na njaa.

Sasa nirudi kwa mpole wangu.

Siku ya pili alilala saa tano mfululizo. Mimi niliyekwishateseka na yule wa kwanza niliona hii ni zawadi. Mamamkwe akanambia, "Mwache mwanangu, mtoto hukua usingizini." Neno lake si uongo, ila halikuwa neno la siku ile. Siku ya tatu alikamata ziwa, akavuta mara mbili tatu, akalala tena. Kutwa alilowesha nepi mbili. Siku ya nne jioni akaja dada yangu kutoka Sohar, akambeba mpaka dirishani kwenye mwanga, akamfungua jicho kwa kidole. "Macho yake haya mbona kama yametiwa bizari?"

Sisi tuliokuwa naye chumbani, mapazia yamefungwa na taa ya manjano inawaka, hatukuona kitu. Na ngozi zetu hizi za maji ya kunde hazionyeshi upesi. Mtoto wa namna yetu hutazamwa kwenye weupe wa macho, kwenye ufizi, kwenye viganja na nyayo, na hutazamwa kwa mwanga wa mchana.

Hospitali walimtoa damu, wakamuingiza chini ya taa za buluu usiku ule ule. Dakta akauliza maswali ambayo sikuyategemea. Mmempaka hina? Nguo zake zilihifadhiwa wapi? Nguo zake, jamani, zilikuwa za kakake, zimekaa miaka mitatu ndani ya sanduku pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo, ambavyo wengi wetu tunaviita kafuri na kumbe ni naftalini. Tulizitoa, tukazikung'uta, tukamvisha. Zilinukia usafi.

Mwanangu alikuwa na upungufu wa G6PD, ule ambao Waarabu wengi wanaujua kwa jina la maradhi ya ful, kwa kuwa mwenye nao akila ful huweza kuharibika damu. G6PD ni kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Kikiwa kichache, vitu fulani huzivunja chembe hizo kwa wingi: ful, baadhi ya dawa, naftalini, na hina akipakwa mtoto mchanga. Si jambo la nadra kwetu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Oman katika miaka ya 1990 ulikuta upungufu huo kwa kiasi ya robo ya watoto wa kiume na mmoja katika kila kumi wa kike. Wataalamu wanausema kuwa ni urithi wa mababu walioishi na malaria, kwani mwenye nao hupata kinga kidogo. Na sisi ambao wazee wetu walikaa Manga na Uswahilini tumeweza kuupata huku na huku. Mtoto wa kiume huurithi kwa mama, ingawa mama mwenyewe huenda hajawahi kuumwa hata siku moja.

Chembe zikivunjika hutoa rangi ya manjano, bilirubini. Watoto wengi wachanga huwa nayo kiasi, huonekana siku ya pili au ya tatu, kisha huondoka yenyewe. Ikizidi humlegeza mtoto akawa na usingizi mzito. Mwenye usingizi hanyonyi. Asiyenyonya hapati choo, na ile rangi hutoka mwilini kwa choo. Basi inazidi kupanda, naye anazidi kulala, na nyumba nzima inasema mashaallah, mpole. Ikipanda mno huingia kwenye ubongo, na madhara yake ni ya maisha: uziwi, viungo kukakamaa. Ndiyo maana ninaandika.

Mamamkwe alitaka tumuanike juani badala ya kumpeleka, kama walivyofanya wao. Nisimcheke, maana hata hiyo taa ya hospitali ilianzia juani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mmoja aitwaye Sista Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto bustanini kupata hewa. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyepauka umanjano mwili mzima, isipokuwa pembe moja ya ngozi iliyokuwa imefunikwa na shuka, hapo umanjano umebaki vile vile. Mwaka 1958 wenzake wakaandika juu ya taa. Lakini taa hupimwa, na damu hupimwa kila baada ya saa chache. Jua la Maskati la mwezi wa Julai halipimwi. Litamchoma mtoto, litamkausha maji, na bilirubini huenda isiteremke.

Kwa hivyo siku hizi mtu akiniuliza mwanawe anapaswa kulala saa ngapi, mimi humuuliza ananyonya mara ngapi na amelowesha nepi ngapi. Mtoto mchanga hunyonya mara nane mpaka 12 kwa siku nzima, usiku na mchana. Ikifika siku ya tano, nepi zenye mkojo ziwe sita au zaidi, na kile choo cheusi cha mwanzo kiwe kimekwishageuka manjano. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, halafu hurudi ule wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Mpaka uzito huo urudi, usimwachie alale zaidi ya saa tatu, nne kwa wingi, bila ya kunyonya, hata akiwa amelala kama mfalme. Mvue nguo, mbadilishe nepi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, msugue nyayo. Kumnyunyizia maji baridi usoni si lazima na si adabu.

Uzito ukisharudi, anyonya vizuri na anapoamka anatazama, hapo mwache alale atakavyo na uifute ile programu.

Asiyeamka hata ukimvua nguo, anayelia kwa sauti nyembamba au kulegea kama kitambaa, anayekataa ziwa mara mbili mfululizo, anayejikunja shingo nyuma, au aliye chini ya miezi mitatu na homa yake imefika 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Umanjano ukitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, pia usingoje kesho. Na kabla hujatoka hospitali ya uzazi ulizia kama G6PD imepimwa. Kina baba, hili ni lenu: mama wakati huo hana hata nguvu za kuuliza chai.

Na popote anapolala, alale chali, peke yake, bila ya mto wala blanketi zito hata kama AC ni kali. Mvishe nguo zaidi badala yake. Mama zetu walitulaza kifudifudi, najua. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwishoni mwa 1991, na ndani ya miaka michache vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Mwanangu alikaa siku tatu chini ya taa, kafungwa kitambaa machoji mithili ya mtalii wa pwani. Siku ya tatu alilia kwa njaa, kilio hasa, mpaka muuguzi akacheka. Sasa ana miaka tisa, hali ful, na kumuamsha kwenda skuli ni kazi ya watu wawili.

Mamamkwe hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata alilitoa sanduku uani, akatupa vidonge vyote, akaanika nguo siku nyingi mpaka harufu ikaisha, kisha akatia karafuu ndani ya vifuko vya kitambaa. Wajukuu waliofuata wamevaa nguo zinazonukia Pemba.