PANCHA YA ALFAJIRI: JIFUNZE KUBADILI TAIRI UANI KWAKO

Ndugu msomaji, tuseme wakaa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, na kazi yako iko Mjini, kilomita zipatazo 20. Umekwisha kunywa chai, mkeo angoja umfikishe kituo cha daladala, nawe watoka uani kuitoa pikipiki. Lo! Gurudumu la nyuma limekaa chini, na fundi hafungui kabla ya saa mbili. Wafanyaje?

Rasi ya Fumba ni nchi ya mawe. Matumbawe ya kale yamejitokeza juu ya ardhi yakiwa na ncha kali, na miaka hii zinajengwa nyumba nyingi mpya. Nako penye ujenzi hakukosi msumari. Mwenye pikipiki asiyejua kuitengeneza pancha ni mtumwa wa kila mwiba.

Yafaa tukumbuke kwamba tairi la upepo lenyewe lilipata sifa kutokana na kazi ya nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1880, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akiishi Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Lililofanywa na baba kwa mikono yake, baba mwingine aweza kulifungua.

Vifaa Vyako

Huhitaji karakana. Tafuta spana zinazoingia barabara katika nati za ekseli, vyuma vitatu bapa vya kubandulia tairi vyenye ncha za mviringo, pampu, kipimo cha upepo, msasa, viraka na gundi yake, pamoja na maji ya sabuni. Usitumie bisibisi badala ya vyuma hivyo. Ncha yake kali huutoboa mpira wa ndani, nawe utaziba tundu moja na kufungua mawili. Usipake mafuta ya nazi wala grisi. Sabuni hukauka, mafuta hubaki, na tairi laweza kuteleza juu ya ringi siku ukifunga breki kwa nguvu.

Kulitoa Tairi

Simamisha pikipiki juu ya stendi kubwa, mahali pagumu na tambarare. Kabla hujafungua, tazama alama za mnyororo zilivyokaa kila upande. Kisha fungua breki na ekseli, ukizipanga washa na nati juu ya kitambaa kwa mfuatano ulivyozitoa.

Toa upepo wote kwa kukifungua kijipini cha ndani ya valvu. Likanyage tairi kandokando mpaka kingo zake zibanduke pande zote mbili, ulipake sabuni. Hapa ndipo ilipo siri ya kazi. Ukingo wa tairi una waya ndani yake, nao hauvutiki. Katikati ya ringi pana bonde. Sukuma ukingo uingie katika bonde hilo upande ulio mbali na valvu, ndipo utapata nafasi ya kuubandua upande wa valvu. Chukua kidogo kidogo. Ukiona unatumia nguvu nyingi, jua ukingo umetoka bondeni, urudishe.

Utoe mpira wa ndani, uujaze upepo na kuuzamisha majini. Mapovu yatakuonyesha tundu. Likwaruze kwa msasa, paka gundi, ngoja ishikeshike, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Usirudishe mpira kabla hujapapasa ndani ya tairi kwa kitambaa, kwani msumari uliotoboa jana huenda ungali umekaa pale pale. Hakikisha pia ukanda unaofunika vichwa vya spoki upo mahali pake.

Kulirudisha

Ikiwa umenunua tairi jipya, soma ubavu wake. Lililoandikwa 3.00-17 lina upana wa inchi 3, na ringi yake ina kipenyo cha inchi 17. Tarakimu nne za tarehe husomwa hivi: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mshale nao huonyesha upande wa kuzungukia.

Utie mpira wa ndani upepo kidogo tu, upate umbo lake usijikunje. Anzia mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, ukiisukuma ndani kidogo ili mpira usibanwe. Jaza upepo kwa kiasi kilichotajwa katika kitabu cha pikipiki, kisha tazama mstari wa ubavuni: uwe sawasawa na ringi pande zote.

Wenye Vespa

Ringi ya Vespa nyingi imegawanyika vipande viwili vilivyokazwa kwa nati. Hapo vyuma vya kubandulia havihitajiki, lakini hatari ipo. Nati nyingine hufunga gurudumu kwenye chombo, na nyingine huunganisha vipande vya ringi. Usizilegeze hizi za pili kabla upepo haujatoka wote. Ringi yenye upepo ikifunguka yaweza kumrukia mtu usoni. Watoto wanaopenda kutazama wakae mbali.

Kabla Hujaondoka

Tairi lililofungwa vibaya ni baya kuliko pancha, kwa kuwa pancha hukukuta nyumbani, nalo hukukuta njiani. Katika pikipiki yenye breki ya ngoma, kipo chuma kirefu kinachoizuia sahani ya breki ya nyuma isizunguke. Mwenye haraka hukisahau. Ukikisahau, sahani hiyo itazunguka mara ya kwanza utakapokanyaga breki, na gurudumu laweza kujifunga ghafla nawe uko mwendoni. Kikaze, urudishe pini yake, ulinganishe alama za mnyororo, uzungushe gurudumu kwa mkono, na ujaribu breki hapo uani kabla hujampakia mtu.

Mara ya kwanza kazi hii itakula saa mbili nzima. Basi usingoje alfajiri ya pancha: jifunze Jumapili, mchana mweupe, kwa tairi zima. Nati zilizobaki kitambaani zikiwa sifuri, mwite mama watoto, mwondoke.