Sonde, Sensa na Kihisi: Kuipatanisha Kompyuta ya Injini na Hewa ya Uvira

1. Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ya kuipangia kazi kompyuta ya kunyunyizia mafuta ambayo haikuja na gari kutoka kiwandani, bali imefungwa baadaye na fundi. Tutashughulikia mambo mawili tu. La kwanza ni vihisi, yaani vifaa vinavyoipasha kompyuta habari za injini. La pili ni udhibiti wa mwendo wa kusubiri, yaani ule mzunguko mdogo ambao injini hubaki nao dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Mifano yetu tumeiweka Uvira, katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na katika barabara ipandayo kutoka huko hadi Bukavu.

Huenda msomaji akauliza: jambo la gereji lina nafasi gani katika taaluma ya Kiswahili? Jibu ni kwamba kompyuta ya aina hii haina ujuzi wake yenyewe. Inajua kile tu ilichoambiwa, na anayeiambia ni fundi ambaye hufikiri, huulizana na wenzake na huagiza vipuri kwa Kiswahili. Jina likikosewa, kipimo hukosewa; kipimo kikikosewa, injini huzimika, na pengine huzimika mahali pabaya.

2. Fundi wa Uvira na maneno yake

Kiswahili kilifika kaskazini mwa ziwa kwa njia ya biashara iliyopitia Ujiji katika karne ya 19. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walitokea huko huko Ujiji kwa mitumbwi. Baadaye utawala wa Kibelgiji ulileta Kifaransa, na pamoja nacho majina ya sehemu za gari. Hivyo fundi wa Uvira husema buji, demarere na esansi pale ambapo mwenzake wa Kigoma husema plagi, stata na petroli. Katika maneno ya jinsi hii tofauti haileti madhara. Buji na plagi ni kitu kimoja, na anayeshika kimoja mkononi hataulizwa mara ya pili.

Shida huanza pale ambapo mpaka wa maana haulingani. Kifaransa cha mafundi kina maneno mawili kwa vifaa vya kupasha habari: sonde, ambayo hutumika zaidi kwa joto na kwa gesi ya moshi, na kaptere, ambayo hutumika zaidi kwa mkao, mzunguko na shinikizo. Upande wa Tanzania yote mawili huitwa sensa, neno ambalo katika Kiswahili sanifu tayari lina kazi nyingine ya kuhesabu watu. Katika makala haya tunatumia kihisi, kutokana na kitenzi kuhisi, na kila mara tunaongeza kile kinachohisiwa.

Nyongeza hiyo si pambo. Injini nyingi zina vifaa viwili vya joto la maji vilivyokaa karibu karibu: kimoja, mara nyingi chenye waya mmoja, huendesha mshale wa geji mbele ya dereva; cha pili, chenye waya mbili, huhudumia kompyuta. Mtu wa Uvira akiagiza Kigoma "sonde ya maji" bila kusema zaidi, anaweza kuletewa cha geji kwa meli hadi Kalundu, na siku zake za kungoja zikawa bure. Akisema "kihisi cha joto la maji cha kompyuta, chenye waya mbili", muuzaji hana pa kupotelea.

Rajmund Ohly alitoa kamusi yake ya msingi ya ufundi, ya Kiingereza na Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1987. Kompyuta tunazozizungumzia zilikuja baadaye. MegaSquirt, iliyobuniwa Marekani na Bruce Bowling na Al Grippo, ilianza kupatikana mwaka 2001. Speeduino, ambayo imejengwa juu ya bodi ya Arduino, ilifuata. Zote mbili humwachia mfungaji kazi ya kujaza majedwali mwenyewe.

3. Kihisi hakisemi ukweli, husema volti

Jambo la kwanza la kushikwa ni kwamba kihisi hakipeleki joto wala shinikizo kwenye kompyuta. Kinachofika ni umeme wa kati ya volti 0 na 5. Kompyuta huchukua volti hizo, huzitafuta katika jedwali, kisha huamini jibu inalolikuta. Jedwali likiwa la kihisi kingine, kompyuta itasadiki uongo bila shaka yoyote.

3.1 Kihisi cha joto la maji

Ndani yake mna kizuizi cha umeme ambacho hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika vihisi vya aina ya Bosch vinavyotumika sana, kizuizi huwa kama omu 2,500 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na kama omu 320 kwa nyuzi 80. Iwapo kompyuta ina kizuizi chake cha ndani cha omu 2,490, kama ilivyo katika MegaSquirt, basi volti zitakuwa karibu 2.5 asubuhi na karibu 0.6 injini ikiwa imepata moto.

Fundi asiyejua asili ya kihisi chake asikisie. Programu ya kupangia huhitaji nukta tatu tu za joto na kizuizi, nazo zaweza kupatikana kwa birika, barafu, kipimajoto na mita ya umeme. Nukta ya kwanza ni maji yenye barafu inayoyeyuka, nyuzi 0. Ya pili ni maji ya kawaida, kwa joto litakalosomwa katika kipimajoto. Ya tatu ni maji yanayochemka, na hapa vitabu vilivyoandikwa pwani ya bahari humpotosha mtu wa ziwani. Uvira iko kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka huko kwenye nyuzi 97 na kidogo. Bukavu, iliyo karibu mita 1,500, ni kama nyuzi 95. Anayeandika 100 ameingiza kosa kwa mkono wake mwenyewe.

Jedwali likionyesha baridi wakati injini ina moto, kompyuta huongeza mafuta, buji huwa nyeusi na moshi hunuka esansi. Likionyesha moto wakati wa baridi, gari hukataa kuwaka alfajiri.

3.2 Kihisi cha shinikizo la hewa

Hiki hupima shinikizo ndani ya bomba la kuingizia hewa, na ndicho msingi wa hesabu ya mafuta. Njia ya kukijaribu ni rahisi: funguo iwashwe, injini isiwashwe, kisha usomwe mwandiko wa kompyuta. Kwa wakati huo hewa ya bombani ni hewa ya mahali. Uvira lazima ionyeshe kama kilopaskali 92. Bukavu kama 85. Dar es Salaam kama 101.

Hapa pana mtego unaostahili kutajwa. Taarifa za hali ya hewa, zikiwemo zile za simu, huonyesha shinikizo lililokwisha kurudishwa kwenye usawa wa bahari. Fundi wa Uvira akifungua simu ataona namba iliyo karibu na hektopaskali 1,013, yaani kilopaskali 101. Akiamini kwamba kihisi chake kinachosoma 92 kimeharibika, atakisahihisha hadi 101. Kosa hilo la kilopaskali 9 ni kama sehemu moja ya kumi dereva akikanyaga mafuta yote. Lakini katika mwendo wa kusubiri, ambapo bomba lina kilopaskali 35 hivi, kilopaskali 9 hizo hizo ni robo nzima. Ndiyo sababu gari la namna hiyo laweza kwenda vizuri barabarani na kukohoa langoni.

3.3 Kihisi cha mkao wa kipepeo

Kipepeo ni kile kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa kwa amri ya mguu. Kihisi chake hutoa takriban volti 0.5 kikiwa kimefungwa na volti 4.5 kikiwa wazi, lakini namba kamili hutofautiana. Fundi aandike kipimo akiwa ameachia pedali, kisha aikanyage kutoka kitini hadi mwisho na kuandika kipimo cha pili. Asivute waya kwa mkono chini ya boneti, kwa sababu pedali yenyewe mara nyingi haifikishi kipepeo pale mkono unapokifikisha.

4. Mwendo wa kusubiri

Jina la jambo hili limebeba picha tatu. Ralanti ya Kifaransa husema injini imepunguzwa kasi. Sailensi ya gereji za Tanzania husema injini imenyamaza. Neno la Kiingereza husema injini haina kazi. Picha ya tatu ndiyo inayopotosha zaidi, kwa kuwa injini iliyoachiwa pedali ina kazi nyingi: inashinda msuguano wake yenyewe, inazungusha jenereta, inasukuma maji na oili, na inatoa mvuto wa hewa unaosaidia breki. Tumependelea mwendo wa kusubiri kwa kuwa anayesubiri yu macho.

Kompyuta huulinda mwendo huo kwa vali inayopitisha hewa kando ya kipepeo. Zipo za aina tatu: ya kufunguka au kufungika tu, ya kupigwa umeme mara nyingi kwa sekunde, ambapo urefu wa kila pigo ndio kipimo cha uwazi, na ya mota inayokwenda hatua kwa hatua. Aina ikichaguliwa vibaya katika programu, vali haitatii.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, vihisi vyote vithibitishwe kama tulivyoeleza, na mipira yote ya hewa ikaguliwe isivuje. Pili, injini ipate moto, vali ifungwe kabisa, na skrubu ya kipepeo irekebishwe hadi injini izunguke chini kidogo ya lengo. Lengo la kawaida ni mizunguko 700 hadi 900 kwa dakika. Tatu, vali ipewe jedwali la uwazi kwa kufuata joto la maji, ili injini baridi ipate hewa zaidi na izunguke kama mara 1,200 au zaidi. Nne, na mwisho kabisa, kompyuta iruhusiwe kujirekebisha yenyewe kwa kulinganisha mzunguko uliopo na ule unaotakiwa.

Anayerukia hatua ya nne atapata injini inayopanda na kushuka kama mtu anayehema. Kompyuta hufungua vali, hukuta imezidisha, hufunga, hukuta imepunguza mno. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza nguvu ya masahihisho, si kuyaongeza.

Kadhalika, kompyuta huanza kulinda mwendo huu pale tu inapoambiwa kwamba kipepeo kimefungwa, tuseme chini ya asilimia 2. Kihisi kilichochakaa kikisema asilimia 6 huku pedali imeachiwa, ulinzi hautaanza kamwe. Mtu atabadilisha vali mara mbili, na kosa liko katika namba moja iliyoandikwa vibaya.

5. Kutoka Uvira kupanda Ngomo

Baada ya Kamanyola barabara ya Bukavu huacha bonde la Ruzizi na kupanda mteremko mkali wa Ngomo. Katika safari moja gari hupoteza karibu asilimia 8 ya hewa iliyokuwa nayo ziwani. Kompyuta inayokadiria mafuta kwa mkao wa kipepeo, ikisahihishwa kwa shinikizo la mahali, kwa kawaida husoma shinikizo hilo mara moja tu, funguo inapowashwa. Ikiwashwa Uvira na isizimwe njiani, huko juu itaendelea kunyunyizia mafuta ya ziwani. Mchanganyiko uliokuwa wa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta utakuwa karibu 13.5. Ufumbuzi ni kufunga kihisi cha pili kinachosoma hewa ya nje wakati wote.

Kurudi kuna hatari zaidi. Dereva anayeteremka huachia pedali, na kompyuta hukata mafuta. Injini ikifika karibu na mwendo wa kusubiri, mafuta hayana budi kurudi kwa wakati. Ikizimika kwenye kona, usukani wenye msaada huwa mzito, na akiba ya mvuto wa breki hutosha kukanyaga mara chache tu. Kwa hiyo mzunguko wa kurudishia mafuta uwekwe juu ya lengo kwa nafasi ya kutosha, na ujaribiwe mahali tambarare kabla ya abiria kupakiwa.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba kupanga kompyuta ya injini ni kazi ya kutaja vitu sawasawa: kitu gani kinapimwa, kwa kipimo gani, na mahali gani. Namba sahihi ya Dar es Salaam yaweza kuwa kosa Uvira, na ya Uvira ikawa kosa Bukavu. Kwa upande wa istilahi, pendekezo letu ni kwamba sonde, kaptere na sensa ziachwe ziendelee katika vinywa vya mafundi, maana zimezoeleka. Lakini katika maandishi ya kufundishia na katika barua za kuagizia vipuri, litumike kihisi, likifuatwa na kinachohisiwa na kinachohudumiwa. Fundi atakayezoea kuandika hivyo katika daftari lake atakuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi kabla ya kufungua boneti.